Maji Yaliyozidi Yaende Wapi? Historia Fupi ya Falaji, Birika na Tangi la Matumbawe

Wanaklabu wenzetu wawili wanaosoma sayansi ya bahari wameamua kutengeneza tangi la matumbawe hai. Kioo wameshapima: sentimita 120 kwa 60, kimo sentimita 55, yaani lita 396 likijazwa mpaka juu. Kabla ya kununua hata bomba moja walituletea maswali mawili. La kwanza lilikuwa la ufundi: ipo mifumo kadhaa ya kutoa maji yaliyozidi juu ya tangi na kuyashusha kwenye tangi la chini, wachague upi? La pili lilikuwa letu hasa, la lugha: mfumo huo unaitwaje kwa Kiswahili?

Makala haya yanajaribu kujibu yote mawili kwa njia ya historia. Tunadai kwamba swali la maji yaliyozidi si geni kwa watu wetu, wa huku Omani wala wa pwani ya Afrika Mashariki. Wazee wetu waliishi nalo karne nyingi, na baadhi ya majibu yao yanamfaa hata mtu anayefunga bomba la plastiki Maskati leo.

Falaji: maji hupita chini

Tuanze nyumbani. Omani ina falaji zaidi ya elfu tatu zinazotiririka mpaka leo. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya Urithi wa Dunia: Daris ya Nizwa, al-Malki ya Izki, al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, al-Muyassar ya Rustaq na al-Jeela iliyo upande wa Sur. Wataalamu huzigawa falaji katika aina tatu. Daudi huchota maji kwenye kisima mama kilicho mbali chini ya ardhi, ghaili huchukua maji ya wadi, na aini hutoka kwenye chemchemi. Jina la daudi linakumbusha hadithi ya Nabii Suleiman bin Daud, ambaye watu husimulia kwamba aliwaamuru majini wachimbe mifereji elfu moja kila siku kwa siku kumi. Walioshika sururu kweli walikuwa binadamu, na kabila la Awamir ndilo lililosifika zaidi kwa kazi hiyo.

Katika falaji hakuna pampu. Maji huendeshwa na mteremko peke yake, na mteremko wenyewe ni mdogo mno. Ukizidi, maji hukimbia na kula kingo. Ukipungua, maji husimama na mchanga hutua. Kwa hiyo fundi wa falaji alikuwa na hesabu mbili kichwani: maji mangapi yanaingia, na yakigawanywa yatatoka wapi. Kule Birkat al-Mouz maji ya al-Khatmeen hugawanywa katika mifereji mitatu iliyo sawa. Penye mgao wa zamu, maji hupimwa kwa muda, na kipimo kinachojulikana zaidi ni athari, ambayo ni nusu saa hivi. Mchana zamu zilifuata kivuli cha jua, usiku zikafuata nyota.

Ufundi unaotuhusu zaidi ni ule unaoitwa gharraq fallah. Falaji ikikutana na wadi haiwezi kukatiza juu, kwa kuwa mafuriko ya siku moja yangeibomoa. Mafundi waliyashusha maji kwenye shimo la wima, wakayapitisha chini ya wadi katika mfereji uliofunikwa, kisha yakapanda yenyewe kwenye shimo la ng'ambo ya pili. Shimo la pili hutoka chini kidogo kuliko la kwanza, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyasukuma maji. Hakuna anayefyonza wala anayesukuma. Maji yanatafuta usawa wao tu, kama yanavyofanya kwenye mrija uliokunjwa mfano wa herufi U. Kuta zilipakwa saruji ya kienyeji iitwayo saruj, inayotokana na udongo wa kuchomwa, ili maji yasivuje.

Tunaomba msomaji ashike jambo moja hapa, tutalirudia mbele: mafundi hawa waliyapitisha maji chini ya kikwazo, hawakuyapitisha juu yake.

Pwani: birika lililojengwa kwa matumbawe

Tukivuka bahari, tunakuta nchi isiyo na falaji lakini yenye mawe yanayotoka baharini. Miji ya Waswahili ilijengwa kwa matumbawe. Mawe yalichongwa, vipande vingine vikachomwa kupata chokaa, na chokaa hiyo ikafunga mawe na kupaka kuta. Birika la kuhifadhia maji nalo likajengwa vivyo hivyo. Kwa hiyo matumbawe ambayo wenzetu wanataka kuyafuga ndani ya maji, wazee wa pwani waliyatumia kuyazuia maji yasitoroke.

Mfano mkubwa ni Husuni Kubwa, kasri la Kilwa Kisiwani lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Sultani huyo ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Katikati ya kasri hilo, kwenye jabali linalotazama bahari, kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Neville Chittick alilichimbua katika utafiti wake wa miaka ya 1960. Kuweka bwawa juu ya jabali kulimaanisha kwamba kila tone lilipaswa kupandishwa, na kila tone lililotumika lilipaswa kupata njia ya kushuka.

Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948. Kwenye msikiti mkuu kuna kisima, mfereji mdogo wa kupokea maji, na birika la kutawadhia. Mpangilio huu unapatikana katika misikiti mingi ya kale ya pwani. Mtu huteka kisimani, humimina mferejini, maji huenda yenyewe birikani. Mwenye kutawadha hana haja ya kujua kina cha kisima.

Uhusiano wa pande mbili hizi ulikaza mwishoni mwa karne ya 17. Majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Kwanza, wa ukoo wa Yaarubi, yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1696 na kuiteka mwaka 1698. Humo ngomeni mlikuwa na birika la maji ya mvua, maana ngome isiyo na maji haihitaji mizinga ili kuangushwa. Imamu huyohuyo anakumbukwa Omani kwa kujenga na kufufua falaji na kupanda mitende. Mbele ya watawala wa zama hizo, maji na vita vilikuwa hesabu moja.

Unguja: mto uliopitishwa ndani ya nyumba

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, ujuzi wa Omani ulikutana na mvua za kisiwani. Bintiye, Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 anaeleza jinsi kijito cha Mtoni kilivyopita ndani ya kasri, kikalisha mabirika, kisha kikaingia baharini nyuma ya kuta. Huo ni mfumo wa maji yanayofurika kwa ukamilifu wake: maji huingia muda wote, birika hubaki limejaa kwa kimo kilekile, yanayozidi huondoka. Maji hayachachi, na hakuna anayehitaji kusimama pale na ndoo.

Kidichi, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliujenga Hamamni katika Mji Mkongwe kwa matumizi ya watu, na mwaka 1882 akajenga kasri la Maruhubi. Kasri hilo liliungua mwaka 1899, lakini anayekwenda leo ataona nguzo nene zilizobeba roshani ya mbao, magofu ya hamamu, mabaki ya mfereji wa kuletea maji, na mabirika makubwa ya mawe yaliyoota mayungiyungi.

Kazi kubwa zaidi ya Barghash ilikuwa kuleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba. Sababu ilikuwa nzito. Mwaka 1869 na 1870, kabla hajashika madaraka na wakati anashika, kipindupindu kiliua watu wengi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa kisiwani, aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo, kikatoka mwaka 1876. Mji uliokunywa visima vilivyochanganyika na uchafu wake wenyewe ulihitaji maji yanayotoka mbali na yanayotembea. Mpaka leo bibi zetu hapa Maskati wakisema "funga mfereji", wanamaanisha koki ya jikoni. Neno hilo wamekuja nalo kutoka Unguja, na tunalitumia pasipo kufikiri kwamba limebeba historia ya mji.

Tangi la bahari ndani ya nyumba

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa ikihangaika na swali dogo zaidi: vipi samaki wa bahari ataishi ndani ya kioo? Mwaka 1850 Robert Warington alieleza jinsi mimea na wanyama wanavyoweza kusaidiana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na Philip Henry Gosse akawa mmoja wa walioieneza hamu hiyo kwa vitabu vyake. Lakini matangi ya mwanzo yalikuwa maji yaliyosimama, na wanyama wengi walikufa.

Aliyebadili mambo ni William Alford Lloyd. Katika jumba la samaki la Crystal Palace, lililofunguliwa London mwaka 1871, aliweka hodhi kubwa chini ya sakafu, lenye maji mengi kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Pampu za mvuke zilipandisha maji, nayo yakarudi hodhini kwa uzito wao wenyewe, usiku na mchana. Lloyd alimsaidia pia Anton Dohrn katika kituo cha bahari cha Naples, ambacho jumba lake la samaki lilifunguliwa mwaka 1874.

Matumbawe yalichelewa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe hai kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Mwaka 1986 makala za George Smit katika gazeti la wafugaji samaki la Marekani ziliufanya uwe wa kawaida mpango ambao wenzetu wanaufuata: tangi la maonyesho juu, kisanduku cha kupokea maji pembeni, mabomba ya kushuka, tangi la chini lenye vichungi, na pampu ya kurudisha.

Kwa nini maji yachukuliwe juu, yasichukuliwe chini? Sababu ni mbili. Kwanza, utando wa mafuta na uchafu wa viumbe hukusanyika usoni mwa maji, na usipoondolewa huzuia mwanga na hewa. Pili, ukingo wa juu huweka kimo cha maji palepale. Maji yanayokauka kwa joto, na Maskati hukauka mengi, hupungua kwenye tangi la chini tu, mahali ambapo ni rahisi kuyafidia kwa maji matamu.

Kuchagua: hoja zetu kwa wenzetu

Tuanze na ukingo. Mhandisi James B. Francis alipima maji yanayopita juu ya kingo huko Lowell, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1855. Kanuni yake inatuambia kwamba ukingo wa sentimita 40, maji yakisimama sentimita 1 juu yake, hupitisha takriban lita 2,650 kwa saa. Yakisimama sentimita 2, hupitisha karibu lita 7,500, yaani karibu mara tatu. Kwa tangi la lita 396, lita 2,650 kwa saa zinatosha. Ukingo mrefu una faida: tabaka la maji huwa jembamba, na utando wa juu huvutwa vizuri zaidi. Mkikata meno ili kuzuia samaki, kumbukeni kwamba kila jino linaufupisha ukingo.

Pili ni namna ya kutoa maji kwenye kioo. Njia isiyohitaji kutoboa ni kisanduku cha kuning'iniza chenye bomba la U lililopinduliwa, linalopanda juu ya ukingo wa kioo na kushuka upande wa pili. Njia hiyo hutegemea sifoni, kama mtu anavyovuta petroli kwa mpira. Hapa ndipo wazee wa falaji wanapotufaa. Gharraq fallah hushuka na kupanda, kwa hiyo hewa haina pa kukaa. Adui wake ni mchanga unaotua chini, na dawa yake ni kusafisha. Bomba la U lililopinduliwa hupanda na kushuka, na mapovu hukusanyika kileleni. Hewa ikizidi, sifoni hukatika, maji huacha kushuka, lakini pampu huendelea kupandisha. Dakika chache baadaye maji yako sakafuni, na pampu imebaki kavu. Tunapendekeza kioo kitobolewe kabla tangi halijajazwa, na kabla ya kutoboa ihakikishwe kwamba si kioo kilichokaushwa kwa moto, maana hicho hupasuka vipande vipande.

Tatu ni mabomba ya kushuka. Mfumo wa bomba moja linalovuta hewa, unaojulikana kwa jina la Durso, ni rahisi, lakini bomba likiziba hakuna la pili. Mfumo wa mabomba mawili, uitwao Herbie, una bomba moja lililojaa maji tupu, likidhibitiwa kwa geti vali, na la pili kavu la dharura. Mfumo wa matatu, uitwao BeanAnimal, una bomba lililojaa, bomba la wazi linalopokea maji machache, na bomba kavu la dharura. Bomba lililojaa halina hewa, hivyo halipigi kelele. Konokono akiingia na kuliziba, maji hupanda katika kisanduku, hufunika kijibomba cha hewa cha bomba la pili, nalo likajaa na kushika kazi. La pili likishindwa, la tatu hupokea. Al-Khatmeen ina mifereji mitatu iliyo sawa kwa sababu inagawa haki. Tangi lina mabomba matatu yasiyo sawa kwa sababu linajikinga. Kwa tangi litakaloachwa peke yake wakati wa likizo, sisi tungechagua matatu.

Nne ni umeme ukikatika. Pampu ikisimama, bomba la kurudishia hugeuka sifoni na kuvuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake uingie hewa. Mdomo ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, tangi hili litarudisha karibu lita 22. Ukiwa sentimita 15, ni lita 108. Ongezeni maji yaliyomo mabombani na kisandukuni, kisha hakikisheni tangi la chini lina nafasi tupu ya kuyapokea yote. Tundu dogo karibu na uso wa maji husaidia kukata sifoni, lakini mwani huliziba, kwa hiyo msilitegemee peke yake. Midomo ya mabomba ya kushuka izamishwe sentimita mbili au tatu tu katika tangi la chini. Ikizama sana, hewa haitoki na sifoni haianzi upya umeme ukirudi.

Kuhusu matumbawe yenyewe, yasitolewe baharini kwetu. Visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, na vipande vilivyokuzwa na wafugaji vinatosha.

Neno lenyewe

Sasa swali la pili. Kwa ukingo tunapendekeza kizingiti. Kwa njia nzima ya maji yaliyozidi tumepata neno ambalo wahandisi wa mabwawa Tanzania wanalo tayari: utoro wa maji. Bwawa linapojaa, maji hutoroka kwa njia iliyoandaliwa, ili tuta lisibomoke.

Tulipolileta klabuni, mwenzetu mmoja alikumbusha kwamba watoro lilikuwa jina la watumwa waliokimbia mashamba ya pwani katika karne ya 19 na kuanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo, bara ya Malindi. Hatuwezi kulipita jambo hilo. Mabirika ya Mtoni na Maruhubi tuliyoyasifu hayakujengwa kwa mteremko wa maji peke yake. Kabla ya mabomba, maji ya mji yalibebwa vichwani, mara nyingi na watu wasio huru. Barghash aliyeleta mabomba ndiye aliyetia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, chini ya shinikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe Unguja uliendelea kutambuliwa kisheria mpaka 1897. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ni wajukuu wa waliorudi Omani kutoka Unguja, na historia tunayoirithi ina pande zote mbili: aliyeagiza birika na aliyelijaza.

Kwa sababu hiyo tunalichagua neno hilo huku tukijua limebeba nini. Linasema kweli kuhusu maji, na kuhusu watu pia: kinachobanwa bila njia hatimaye hutafuta njia. Fundi mwenye busara huiandaa mapema.

Tunawaomba wanaklabu wawaulize wazee wao majina ya sehemu za kisima, birika, hamamu na mfereji, na kuyaleta kwa maandishi. Tunawaomba walimu wetu watusahihishe penye kosa. Maneno hayo yapo bado vinywani mwa watu. Yakishaondoka na wenyewe, hatutakuwa na hodhi la kuyachotea.